Kofia za Viua na Wanawake Waliozishona

Zamani za utoto wetu, katika miaka ya 1950, ilikuwa nadra kuingia nyumba ya Unguja wakati wa alasiri usikute sindano mkononi mwa mtu. Kwani wanawake walipokwisha kumaliza shughuli za jikoni na kusali, walitandika mkeka ukumbini, kila mmoja akafungua kifurushi chake cha kazi, na mazungumzo yakaendelea huku macho yameinamia kitambaa. Walikuwepo waliofuma vitambaa vya meza, na waliodarizi foronya za maharusi. Lakini kazi iliyohesabiwa kuwa ndiyo kipeo cha ustadi ilikuwa kofia ya viua, ile bulibuli nyeupe ambayo mwanamume wa heshima aliivaa msikitini, harusini na mazikoni.

Kofia hiyo ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, navyo hushonwa mbalimbali na kuunganishwa mwisho kabisa. Kila kipande ni bafta ya tabaka mbili, iliyochorwa nakshi kwa penseli. Na juu ya nakshi hiyo mshonaji hutoboa kitundu, kisha akakizungushia uzi ukingoni, mshono kwa mshono, hata kikakaza kisiweze kufumuka kwa kufuliwa. Hicho ni kiua kimoja, na kofia moja huchukua mamia yake, ndiyo maana kazi yaweza kula miezi. Bibi yangu, aliyekuwa na subana kidoleni tangu asubuhi, alipoletewa kofia ya mtu mwingine aikague hakuitazama nje. Aliipindua, akapapasa ndani kwa kidole gumba, na akikuta mafundo au nyuzi zilizorukwa, husema kwa upole, “Mjukuu wangu, huyu alikuwa na haraka,” akairudisha.

Mteja hakuonana na mshonaji. Alipima kichwa chake kwa uzi, akaufunga fundo panapokutana, na uzi ule ukaletwa nyumbani na mtoto. Na mara nyingi mtoto huyo nilikuwa mimi, niliyepeleka kofia ikiisha na kurudi na fedha zimefungwa katika pembe ya leso. Fedha hizo zilikuwa milki ya bibi peke yake, kwa kuwa sharia haimpi mume haki juu ya mali ya mkewe. Naye alizitumia apendavyo, kwa doti za kanga, kwa ada ya mwalimu wa chuoni, kwa sadaka, na baadhi akaziweka akiba ya bangili. Mwanamke aliyetawa, asiyekwenda sokoni wala shamba, alikuwa na pato lake la halali bila ya kuvuka kizingiti, na mjane mwenye mayatima aliweza kuwalea pasipo kumnyooshea mtu mkono. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko uzuri wa kofia yenyewe, ingawa wanaoisifu sanaa hii aghalabu huutaja uzuri tu.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 jamaa nyingi zilitawanyika. Na Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko walihamia Maskati, ambako kofia ya namna hii, inayoitwa kumma, imekuwa vazi la kila siku, na wanawake wa huko nao huishona majumbani. Kisha, huku kwetu Unguja, biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, maduka ya mtaa wa Darajani mjini yakajaa kofia zilizodariziwa kwa mashine, zilizotoka ng'ambo, na kazi ya miezi haikuweza kushindana na bei yake. Siidharau kofia ya mashine. Imemsitiri kijana asiye na uwezo, akasali Idi kichwa chake kimefunikwa kama wenziwe. Wala siwalaumu mabinti waliokwenda shule wakawa waalimu na wauguzi, kwani hiyo ni neema tuliyoiomba. Lakini yule mjane wa ukumbini, ambaye hakupata shule na ambaye macho na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa rasilimali yake, hakuna aliyemtafutia pato jingine pale la kwanza lilipokatika, na watu wanaolalamika kwamba ufundi umepotea ni wale wale waliombania bei alipokuwa akiuza.

Washonaji bado wapo, mjini na mashamba. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kofia ya mkono kwa ndoa ya mwanao, iagize mapema, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Mpe mshonaji sehemu ya fedha tangu mwanzo apate kununua uzi na bafta. Na akikutajia bei, usimkatie.