Wasee, ile video ya msconfig nimeitoa

Mnaikumbuka? "Amsha prosesa zote za kompyuta yako." Fungua msconfig, ingia Boot, weka alama kwa idadi ya prosesa, chagua namba kubwa kabisa, zima uwashe. Mliisambaza sana. Sasa niseme tu ukweli: ilikuwa uongo, na mimi mwenyewe sikujua.

Juzi nilinunua mashine ya mtumba hapa Nairobi, kompyuta ya kazi nzito yenye Xeon E5-2670 mbili. Kila moja ina viini 8, na Windows huhesabu hivyo kama 16. Nusu ya pesa ni ya Mathe. Tangu niache chuo hajawahi kuniuliza kitu, na hiyo ndiyo huniuma. Nilimwahidi hii itarenda video ya harusi kwa saa chache, si usiku mzima.

Ikarenda usiku mzima.

Task Manager ikaniambia soketi ni 1. Nikafuata video yangu hatua kwa hatua (kujisikiza ukipiga kelele hivyo ni adhabu) na hakuna kilichobadilika. Kumbe kile kisanduku ni cha kupunguza prosesa, hakiongezi hata moja. Mafundi hukitumia wakitafuta hitilafu. Ukiacha bila kukigusa, Windows tayari inatumia kila prosesa inayoruhusiwa.

Nikampigia aliyeniuzia, nikamwita tapeli. Kwa sauti.

Halafu nikawasha Linux kutoka kwa flashi, nikaandika lscpu. Soketi 2. CPU 32. Mashine ilikuwa nzima kabisa! Shida ni kwamba nilikuwa na Windows 10 Home, na Home hukubali soketi moja tu. Hata hiyo moja ikiwa na viini vingi namna gani, prosesa ya pili itakaa hapo ikila stima bure. Pro ndiyo hukubali mbili.

Leseni ya Pro sikuwa na pesa yake, kwa hivyo nimehamia Linux na ninaediti kwa Kdenlive. Muda umepungua, lakini haujawa nusu vile nilidhani. Kuna kazi haigawanyiki, viini vingine vinangoja tu, kama mjengo wenye fundi mmoja na vibarua kumi.

Yule muuzaji nimempigia mara tatu nimuombe msamaha. Hashiki. Mathe naye bado hajauliza.