Bure na Huru Si Ndugu

Kiingereza kina umaskini mmoja ambao umewatesa watu wa kompyuta kwa miaka zaidi ya arobaini. Neno lao moja linabeba mizigo miwili: kitu usichokilipia, na kitu kisichofungwa minyororo. Richard Stallman, yule Mmarekani mwenye ndevu nyingi aliyetangaza mradi wa GNU Septemba 1983, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza watu kwamba yeye anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Angezaliwa Tanga asingepata tabu hiyo. Sisi tunalo bure na tunalo huru, kila moja na kazi yake. Tena bure yetu ina makali: mtu bure, kelele za bure, umejisumbua bure. Kitu cha bure kwa Mswahili kinaanza kutiliwa shaka kabla hakijafunguliwa.

Ndiyo maana, wandugu, huwa naudhika nikisikia Linux inasifiwa hapa mjini kwa kuwa haiuzwi. Hiyo si habari ya kumwambia mkazi wa Dar es Salaam. Hebu niambie, wewe msomaji, unamjua nani aliyewahi kulipia Windows pale Kariakoo? Fundi anakuwekea Windows, anakuwekea Office, anakuwekea na programu ya kusafisha picha ambayo kwa wenzetu inalipiwa kila mwezi, yote kwa bei ya sahani mbili za wali samaki, na ukimchekea anakuongezea muvi kwenye flashi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, anakutazama kama unamuuzia mvuvi maji ya chumvi.

Na wenye Windows wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi kuwalaumu vijana wa Marekani waliokuwa wakinakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Alikuwa mkali kweli. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, alikuwa amekwisha kuona mbali zaidi: maadamu watu wataiba programu, alisema, basi afadhali waibe za kwetu, watazizoea kama mraibu, na sisi tutatafuta namna ya kukusanya chetu baadaye. Kwa hiyo yule kijana wa Kariakoo anayejiona mjanja kwa kutolipia ni mteja ambaye siku yake ya kulipa haijafika, hata kama mwenyewe anajiita mwasi.

Sasa nieleze kilichonifanya nikae chini niandike haya. Mwenzangu mmoja, ripota wa kujitegemea anayeuza habari kwetu, alichukua simu ya mkopo. Kampuni siitaji, na kwa kweli ziko nyingi. Unatoa kianzio, unabeba simu, halafu unalipa kidogo kidogo kila siku. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Siku moja ya Jumapili alikwenda nje ya mji kumhoji mama mmoja mjane mwenye ugomvi wa kiwanja. Mama yule alikuwa na hofu. Alimwambia, mwanangu nitasema mara moja tu, sitarudia. Mwenzangu akarekodi dakika arobaini kwenye simu yake. Alikuwa amelipa Jumamosi usiku, na ujumbe wa kukatwa pesa anao. Lakini malipo yalikwama mahali fulani kati ya mtandao wa simu na kampuni ya mkopo, na alipokuwa ndani ya daladala kurudi mjini, kioo kikaleta kufuli. Lipa, au piga simu ya dharura. Basi.

Alipiga namba ya huduma kwa wateja kwa simu ya konda. Akaambiwa asubiri saa 24. Ukurasa wetu ulifungwa Jumapili usiku. Upande wa pili wa ule ugomvi ulikuwa umejibu kwa baruapepe, aya tatu zilizonyooka kabisa, zikaingia zote. Simu ilifunguka Jumatatu saa kumi jioni. Jumatatu asubuhi yule mama alisomewa gazeti lenye maneno ya mtu anayemdai kiwanja, na kuhusu yeye mwenyewe mstari mmoja tu kwamba analalamika.

Najua mtakavyonijibu. Deni ni deni. Bila kufuli hilo hakuna kampuni ingemkabidhi simu ya laki nne kijana asiye na hati ya nyumba wala mdhamini, na madereva wengi wa bodaboda wanaotumia ramani leo wangekuwa bado na tochi na kitufe. Nakubali. Hoja hiyo ina uzito na sina nia ya kuibeza. Ninachouliza ni kitu kingine. Mkopeshaji wa zamani akitaka kuchukua baiskeli yake anakuja mlangoni, majirani wanaona, mnabishana, unaonyesha risiti. Huyu wa sasa anakaa ndani ya kitu chenyewe, usiku na mchana, pamoja na sauti ya mjane ambayo haikuwa sehemu ya mkopo.

Na hapa ndipo hadithi inapowauma watu wa Linux, mimi nikiwamo, maana ni miaka mitatu sasa natumia Linux Mint kwenye kompyuta mpakato ya mtumba na wala sijutii. Simu ile ni Android. Na chini kabisa ya Android kuna nini? Kuna Linux. Kiini kile kile ambacho Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, alikitangaza Agosti 25, 1991, akisema anafanya kwa kujifurahisha tu na kwamba hakitakuwa kitu kikubwa. Leo kinaendesha simu nyingi kuliko mfumo mwingine wowote. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Na juu yake amekaa mtu na kufuli.

Ugomvi huu si mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kifaa kiitwacho TiVo huko Marekani, cha kurekodi vipindi vya televisheni. Ndani kilikuwa na Linux. Kampuni ilitoa msimbo kama leseni ilivyotaka, lakini ukiurekebisha na kuurudisha kwenye kifaa ulichokinunua mwenyewe, kifaa kinagoma, kwa sababu hakioni sahihi ya mwenye kiwanda. Ni kama kupewa ramani ya nyumba yako kisha ukazuiwa kubadilisha kitasa. Stallman alikasirika, na Juni 2007 likatoka toleo la tatu la leseni ya GPL lenye vifungu vya kuzuia mchezo huo. Torvalds akakataa kukihamisha kiini chake. Yeye alisema anachodai ni kurudishiwa msimbo, mengine ni hiari ya mwenye kifaa. Linux imebaki na toleo la pili hadi leo.

Nimewasoma wote wawili kwa muda mrefu, na kwa miaka nilikuwa upande wa Torvalds, kwa sababu ni mtu wa kazi na hana mahubiri. Baada ya ile Jumapili naona mzee mwenye ndevu ndiye aliyeuliza swali lenyewe: ufunguo uko mfukoni mwa nani? Msimbo ukiwa wazi na ufunguo ukiwa California, au hata hapo Upanga, uwazi huo unamsaidia mhandisi na kumwacha mama wa kiwanja pale pale.

Mifano ya mfuko huo wa mbali imejaa. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja na kufuta nakala za vitabu viwili vilivyokwisha kununuliwa, baada ya kuonekana kwamba muuzaji hakuwa na haki navyo. Vitabu gani? Viwili vya George Orwell, kimojawapo kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Mtunzi wa vichekesho asingethubutu. Pesa zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi. Kuna wakulima wa Marekani na matrekta ya John Deere, wenye shamba, wenye trekta, wenye spana, lakini kuna matengenezo ambayo hayakamiliki mpaka programu ya wakala iyakubali. Januari 2025 serikali ya huko iliipeleka kampuni mahakamani kwa hilo. Nao Google, walioadhibiwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2018 kwa faini ya euro bilioni 4.34 kwa namna walivyowabana watengenezaji wa simu za Android (mahakama ikaipunguza kidogo mwaka 2022), Agosti 2025 walitangaza kwamba programu za kwenye simu za Android zilizothibitishwa zitatakiwa kutoka kwa watengenezaji waliojiandikisha kwao kwa majina, kuanzia nchi nne Septemba 2026. Hata programu usiyoipata dukani kwao. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2025 wakasema wataweka njia ya pembeni kwa wazoefu. Njia ya pembeni ndani ya simu yako!

Turudi Kariakoo. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa Intel, ni kizazi cha nane kuja juu, yaani kuanzia 2017 hivi. Sasa tembea kwenye yale maduka ya kompyuta za mtumba, zile zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani. Zimejaa kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Chuma kizima, betri inadumu, kibodi safi. Hazina ugonjwa wowote isipokuwa tarehe. Waliotaka mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama walitangaziwa dola 30, au waunganishe kompyuta na akaunti ya Microsoft. Wakazi wa Ulaya walipewa bila masharti mengi hayo kwa sababu vyama vyao vya walaji vilikomaa. Sisi tulilalamika kwenye status za WhatsApp.

Kwenye mashine kama hizo ndipo Linux inapoacha kuwa mahubiri. Kompyuta ambayo kampuni imeizika inafunguka na kufanya kazi, na hakuna ofisi yoyote yenye uwezo wa kuamua kesho kwamba imezeeka. Sitawadanganya kwamba hakuna gharama. Msanifu kurasa wetu hawezi kuhamia, maana InDesign haitengenezwi kwa Linux. Mimi mwenyewe kila nikituma hati yenye majedwali, mhariri anaipata imepinda mguu. Printa yetu ya ofisini ilinichukua siku mbili.

Na kuna jambo ambalo watu wa umri wangu hatukusimuliwa. Mwaka 2004, mimi nikiwa chekechea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi kilikuwa na mradi ukiitwa Kilinux, na Desemba ya mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa. Walichukua msimbo, wakatafsiri, wakagawa. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza mpango wao wa Kiswahili. Sidai kwamba hili lilisababisha lile. Nasema tu kwamba upande mmoja tulisubiri kampuni itukumbuke, na upande mwingine wahadhiri na wanafunzi waliingia jikoni wenyewe. Jambo OpenOffice haikuenea, na leo ukiwauliza wanafunzi wa Mlimani wengi watakuuliza ni kitu gani hicho. Lakini OpenOffice yenyewe ilipoangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010, watengenezaji wake wengi walihama na vyombo vyao vyote na kuanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo ninayoandikia sasa hivi. Mpangaji wa kawaida akihama anaacha milango na madirisha.

Fundi ninayemwendea mimi ana kibanda karibu na Mtaa wa Aggrey. Kwa miaka yote nilikuwa namtania kuhusu Linux, naye ananijibu kwamba haina wateja. Tangu ile Oktoba ameanza kuwauliza wanaoleta mashine za zamani: nikuwekee ile ya dirisha au ile ya kijani? Bei ni moja, elfu kumi na tano. Nilimuuliza anawaeleza nini kuhusu uhuru na msimbo na leseni. Akacheka. Anasema hawaelezi chochote, anawaambia tu kwamba hii ya kijani haitawasumbua kila wakati kwamba kompyuta yao imepitwa na wakati, na kwamba wakishindwa kuizoea ndani ya wiki moja warudi na risiti. Wiki iliyopita walirudi wawili. Mmoja alikuwa amesahau nywila yake, na mwingine alikuja na kompyuta ya dada yake.