Mtoto Asikiaye Ngoma Asisikie Neno

Wazazi wapendwa, nataka kuwaelezeni jambo lililotupata nyumbani kwetu mwaka 2022. Silielezi kwa kujisifu, maana humo hamna sifa yangu hata moja. Nalieleza kwa kuwa najua kwamba katika nyumba nyingi za Wakristo, baba na mama wanaulizana usiku swali lile lile tuliloulizana sisi.

Kitinda mimba wetu alikuwa akikaribia miaka 6, na mwezi wa kenda alipaswa kuingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Ni mtoto mchangamfu, mwepesi wa kucheka. Lakini maneno yake yalikuwa machache, tena ya kukatika. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Ukimtuma kitabu, analeta kikapu, na analeta kwa furaha. Mara kwa mara usaha ulimtoka masikioni, nasi tuliufuta kwa kitambaa tukasema ni ugonjwa wa watoto, utapita.

Mama yangu mzazi alisema: «Mwacheni mtoto wangu, anasikia. Ngoma ikilia kanisani, si anacheza? Hata wewe ulichelewa kusema, na leo u mwalimu.»

Bibi yangu alingoja mpaka mama alale, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: «Baba watoto, ngoma hata aliyelala huisikia. Tumpeleke kwa wenye kujua, kabla shule haijafunguliwa.»

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Kumbe sikuwa nikifikiri, nilikuwa nikiogopa. Niliogopa kwamba mtoto akiisha kupimwa, ataandikwa jina la kiziwi, na jina lile litamfuata kama kivuli mpaka uzee. Niliogopa kwamba watamtenga na ndugu zake, wamfundishe alama za mikono, asahau hata maneno machache aliyokuwa nayo. Niliogopa gharama pia. Lakini chini ya hofu hizo zote palikuwa na moja niliyoona haya kuitaja: watu watasema nini juu ya mwalimu ambaye mtoto wake mwenyewe hafundishiki?

Usiku ule nilimkumbuka mtoto mwingine. Miaka kadhaa mbele ya hayo nilikuwa naye darasani kijana mmoja, mrefu kuliko wenzake, nikamkalisha nyuma ili asiwazibe wengine. Nilipoandika ubaoni, nikisema huku nimewageuzia mgongo, yeye alitazama dirishani. Nilimwita mvivu. Nilimwadhibu kwa ukaidi. Alirudia mwaka wa kwanza, akashindwa tena, akaacha shule akaenda kubeba mchanga. Baadaye nilikutana na mama yake sokoni. Akanisalimu kwa heshima, akasema: «Bwana mwalimu, yule mtoto masikio yake yaliharibika tangu utoto. Nilidhani mwajua.» Sikujua, kwa sababu sikuuliza. Naye hakusema, kwa sababu aliona haya. Kati ya haya yake na kiburi changu, mtoto alipotea.

Ndipo niliposema moyoni: mwanangu naye ataketi nyuma ya darasa la mtu fulani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma hazitalipiwa tena, watoto walijaa madarasani. Mwalimu mwenye watoto 80 au 90 atamtambuaje mmoja asiyesikia, kama wazazi wake wamenyamaza? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Asubuhi nilimwambia bibi yangu: «Jitayarishe, twende.»

Tulikwenda kwanza hospitalini, halafu kwenye kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu. Mama aliyempima alikuwa mpole. Alimchezesha mtoto, akamsikilizisha sauti nene na sauti nyembamba, kubwa na ndogo, akiandika. Kisha alitueleza jambo ambalo mimi, mwalimu, sikupata kulijua. Usikivu, alisema, si kama mlango ambao ama umefungwa ama umefunguliwa. Mtoto anaweza kusikia ngoma, kengele na pikipiki, na tena mtetemo wake huuhisi mwilini, lakini asizisikie sauti nyembamba kama s na f, wala asipambanue t na k. Mtoto wa namna hiyo husikia kwamba mtu anasema, anachosema hakisikii. Ndiyo sababu kitabu kilikuwa kikapu.

Nikamwuliza juu ya alama za mikono. Alijibu kwamba alama haziui maneno. Akili ya mtoto katika miaka yake ya kwanza ina njaa ya lugha, na ikikosa lugha yoyote inadhoofika, kama mwili unavyodhoofika kwa kukosa chakula. Ipitie masikioni au machoni, la lazima ni kwamba ifike, tena mapema.

Sikio moja lilitibiwa, likakauka. Lingine halikupona sawasawa. Chombo cha kusaidia kusikia bei yake ilipita mshahara wangu wa miezi mingi, hatukukinunua. Tulichopata ni barua kwa mwalimu wake: mtoto aketi mbele, sikio lake lililo zima lielekee kwa mwalimu, mwalimu aseme akimtazama usoni, na mara mbili kwa juma mtoto arudi kituoni kujifunza. Mwezi wa kenda aliingia shuleni pamoja na wenzake. Mwaka ule alikuwa nyuma yao katika kusoma, ila katika hesabu hakuwa nyuma. Hakurudia.

Nilipoisoma tena Injili ya Marko, sura ya 7, niliona neno ambalo nilikuwa nikilipita. Yule kiziwi mwenye kusema kwa shida hakwenda peke yake kwa Bwana Yesu, watu walimpeleka. Wangaliona haya, angalibaki vile vile. Na Bwana alimtoa kwanza kando ya umati, akamgusa masikio na ulimi. Hakumtoa kando ili amfiche. Alimtoa ili amrudishe kati ya watu akiwa na maneno. Mimi niliogopa kule kutengwa kwa mwanangu, kumbe nilikuwa nimekwisha kumtenga mwenyewe nyumbani kwa kunyamaza.

Wazazi wenzangu, msingoje mwalimu agundue. Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno, mtoto asiyegeuka aitwapo, anayekaza macho midomoni mwa msemaji, ambaye masikio yake yanatoka usaha, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo, apelekwe kupimwa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba kwa watoto, sehemu 60 katika 100 za upungufu wa kusikia hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Kitambaa cha kufutia usaha si dawa. Tena nchi yetu ilitoa sheria tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Basi mzazi anayemwombea mtoto wake kiti cha mbele haombi sadaka.

Nanyi walimu wenzangu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, simameni nyuma yake, mtamke jina lake kwa sauti ya kawaida.

Mama yangu hakukubali upesi. Alisema tumempa mtoto ugonjwa kwa kuupa jina. Lakini jioni moja nilimkuta ameketi uani, amemshika mjukuu wake kidevu ili amtazame, akimwambia polepole: «Kitabu. Lete kitabu.» Mtoto alikwenda, akaleta kitabu.