Safari ya Ujiji

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikianza, sisi walimu wa kujitolea tuliwapeleka watoto wa darasa la sita Ujiji. Kibali kilikuwa cha siku moja tu, kwa hiyo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na ndoo mbili za muhogo wa kuchemsha. Kufika Kasulu, wawili walikuwa wameshatapika.

Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, mnara wa mawe ukajengwa mwaka 1927. Ndani kuna sanamu za wazungu hao wawili wakisalimiana, na watoto wetu wakaanza kuzipa mkono, eti "Shikamoo!" Tulicheka sana.

Lakini mzee anayetembeza wageni akaeleza kwamba Livingstone alikuwa ametoka ng'ambo, kwetu Maniema. Mwezi wa saba mwaka huo huo aliona watu wakiuawa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Hapo kicheko kiliisha. Watumwa na pembe za ndovu vilivushwa ziwa, vikapita Ujiji, kisha kwa miguu hadi Bagamoyo. Watu wengine wa Maniema walibaki hapo hapo, na wajukuu wao ndio Wamanyema wa Ujiji leo, wenye nyumba na mashamba.

Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mtu wa Maniema, akauliza: "Babu, na hao walipewa kibali na nani?"

Mzee alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Sisi pia.

Tukashuka ziwani, kwenye dagaa walioanikwa. Siku hizi maji yako mbali na mnara, zamani yalifika karibu. Mvua ya jana yake ilikuwa imesafisha hewa, na milima ya Kongo ilionekana wazi. Wengi wa watoto hawa wamezaliwa kambini, hawakuwahi kuiona. Mama mmoja tuliyekuja naye, aliyevuka kwa mtumbwi usiku mwaka 1996, aliwaonyesha kwa kidole: "Kule ndiko kwetu." Akanawa uso, akakaa. Jamani, nani angemwambia mama yule basi linaondoka?

Ndiyo maana tulichelewa hadi saa mbili usiku. Mtusamehe, wazazi. Na aliyesahau ndala nyekundu ya mguu wa kushoto aje darasani achukue.