Nafasi za Wilaya Yetu

Mwaka 1979 nilipangiwa kufundisha darasa la saba katika kijiji kimoja cha pwani, mkoani Lindi. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ulikuwa bado mchanga, madarasa yamefurika, madawati ya kuhesabu, na wenzangu kadhaa walikuwa walimu wa UPE, vijana waliomaliza la saba juzijuzi tu. Mimi nilitokea chuo cha ualimu, basi nikaonekana mtaalamu.

Kuingia kidato cha kwanza wakati ule ilikuwa bahati ya wachache mno. Nchini kote, katika watoto 100 waliomaliza la saba, hata 10 hawakufika sekondari ya serikali. Nafasi hizo chache ziligawiwa kimkoa na kiwilaya. Sababu ilieleweka: Kilimanjaro na Bukoba wamisionari walijenga shule mapema na kahawa ikawapa wazazi fedha, ilhali mwambao wazee wengi walihofia wana wao wasije wakabatizwa, wakaridhika na madrasa. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikutaka kutaja makabila, ikagawa kwa mipaka ya wilaya. Wazazi wa Moshi walinung'unika kwamba watoto wao wanaachwa na alama zao nzuri huku wengine wakibebwa. Wapo waliowapeleka watoto kwa ndugu mikoani, wakafanyie mtihani huko.

Rejesta ya hao waliosemekana wanabebwa ilikuwa mikononi mwangu. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, safu nzima za majina zilijaa sifuri nyekundu. Watoto walikuwa shambani wakiamia ndege, na usiku wakilala na baba zao kwenye dungu kufukuza nguruwe. Waliporudi darasani, asilimia zimeshapita, tunafundisha riba. Mtihani wenyewe ulikaribiana na msimu wa korosho, mikono yote ikihitajika chini ya mikorosho. Kusoma usiku nako kulitaka mafuta ya taa, na baada ya vita vya Uganda mafuta yakawa ya kupanga foleni. Lugha haikuwa kikwazo, maana mtihani ulikuwa kwa Kiswahili na watoto wangu walikizungumza vizuri kuliko mimi.

Mwanafunzi wangu bora wa hesabu alikuwa binti wa mvuvi. Hesabu za sehemu alizimaliza kabla sijageuka kutoka ubaoni, kisha akawa anamnong'oneza jirani yake namna ya kupata kigawe kidogo cha shirika. Asubuhi alichelewa kwa sababu ya kisima, na akifika shuleni hutumwa tena maji, safari hii ya nyumba za walimu. Wavulana walifyeka majani mara moja kwa wiki. Wasichana maji ilikuwa kila siku, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Miezi michache kabla ya mtihani akavunja ungo, akawekwa ndani kama mwali. Nilikwenda kwao jioni. Mama yake alinikaribisha barazani, akanitandikia mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mwali haonekani njiani," alisema kwa upole. "Akichezwa atarudi kwako."

"Mama, mtihani hautamngoja."

"Na akifaulu, hilo sanduku, shuka, viatu, nauli ya kwenda huko bweni, atanipa nani?"

Sikuwa na jibu. Ada ya sekondari ilifutwa tangu miaka ya sitini, lakini alivyovitaja yeye vilikuwa vya mzazi. Binti hakurudi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na aliolewa.

Matokeo yalipotoka, shuleni kwetu walichaguliwa wawili: mtoto wa mganga wa zahanati na binti wa askari polisi. Baba mmoja alihamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, mwingine kutoka Mbeya. Walikuwa watoto wazuri, wenye bidii, na wala siwaonei kijicho. Nyumbani kwao kandili iliwaka, mama alijua kusoma, mshahara uliingia mwisho wa mwezi, na shamba la kulinda halikuwapo. Makaratasini wilaya ilipata nafasi zake. Wenyeji wa kijiji kile, watoto wa wavuvi na wakulima, walibaki walipokuwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba watoto wa Kusini walibebwa, namwuliza: watoto wa nani? Mgawo ule ulikuwa wa haki kuliko kutogawa kabisa, na ningeutetea tena. Kasoro yake ni kwamba uliishia kwenye mpaka wa wilaya, haukuingia nyumbani kwa mtu kuuliza nani anateka maji na nani analinda mpunga.

Sasa shule za kata zipo, na ada imeondolewa mpaka kidato cha sita. Walimu wa sasa, ombi langu ni dogo: kabla hamjasema mtoto fulani ni mzito, fungueni rejesta mtazame alikosa miezi gani, kisha mwende kwao mkaulize alikuwa anafanya nini.