Ndakala Hawaombi Kibali

Ukiniuliza samaki ninaowapenda, nitakutajia wawili: mukeke na ndakala. Watanzania wanawaita mgebuka na dagaa. Majina tofauti, ziwa ni lile lile la Tanganyika, na nchi 4 zinakula humo: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Wazazi wangu walivuka kutoka Fizi mwaka 1996. Mimi nimezaliwa hapa Nyarugusu, ziwa sijawahi kuliona. Kwa gari ni saa chache tu, lakini kutoka kambini kunataka kibali. Ndakala wenyewe hawaombi. Wanaingia ndani ya gunia, wakavu, mpaka sokoni.

Kupika ni rahisi. Chambua mchanga, toa vichwa ukipenda. Osha haraka kwa maji ya vuguvugu, usiwaloweke, watakatika. Wakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka wanukie. Sasa weka mawese, kitunguu, nyanya, chumvi na pilipili. Maji kidogo, funika dakika 10. Kula na bugali wa muhogo. Ukikosa, hata unga wa mahindi wa posho unafaa.

Mukeke mbichi kumpata hapa ni bahati. Mpasue, mchanje ubavuni, chumvi na ndimu, weka juu ya makaa. Usimwekee vitu vingi.

Vijana ninaofanya nao kazi wanasema ndakala ni chakula cha mtu aliyekosa nyama. Basi mzee mmoja akawaeleza wanavyovuliwa: usiku, kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika kwa sababu samaki hawafuati taa. Wote wakanyamaza. Msichana wa miaka 14 akaniuliza, "Yaya, kama ziwa sijaliona, nitasema mimi ni wa wapi?"

Jibu la haraka sikuwa nalo. Nikawatuma wote waulize nyumbani ndakala wanapikwaje. Wiki iliyofuata yeye alikuja na ya bibi yake: wanachanganywa na sombe. Mwingine akasema kwao ni karanga, mwingine akabisha kwamba karanga inaharibu. Wakagombana kweli, kila mmoja akitaja kijiji cha mama yake. Vijiji hivyo hakuna aliyewahi kuvikanyaga, na siku ile hakuna aliyekosa cha kutaja.

Kwenu je, mnawapikaje? Muulize mama leo, yeye bado anakumbuka.