Katazo Si Amri

Vitabu vingi vya sarufi huliweka katazo chini ya kichwa cha amri: soma, someni, usisome, msisome. Mpangilio huo ni mwepesi kufundisha, ila naona unaficha jambo. "Soma" haina kiambishi cha nafsi wala haibadilishi irabu ya mwisho. "Usisome" ina u ya nafsi, si ya ukanushi na kiishio -e, kile kile cha "usome", yaani hali tegemezi, hali ya matakwa. Kiswahili basi hakikanushi amri; hukanusha matakwa. Mama akimwona mwanawe juu ya mwembe humwambia "usianguke". Nani awezaye kutii amri hiyo? Kuanguka si hiari. Hilo ni karibu na dua kuliko amri.

Aliyenifungua macho ni mgeni. Msimu mmoja nilimfundisha Kiswahili Mhispania aliyekuwa akiishi Watamu. Nilimwandalia somo refu la makatazo, akalimaliza kabla sijakaa vizuri, maana lugha yake hufanya vivyo hivyo: habla ni "sema", no hables ni "usiseme", a hugeuka e. Katika vitenzi kama comer, "kula", mambo hupinduka na e ikawa a: come, no comas. Kilichomshangaza ni vitenzi vyetu vya mkopo, jibu, sahau, samehe, visivyogeuka hata kidogo: usijibu, usisahau. Alifurahi pia kuona kwamba njoo, nenda na lete, zilizomsumbua sana katika amri, zinatulia katika katazo: usije, usiende, usilete.

Kufanana huku ni sadfa tu. Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania na hukataza kwa njia iyo hiyo, walifika Malindi mwaka 1498. Wametuachia meza, leso na bendera. Katazo letu hawakuligusa. Waitaliano, ambao Malindi imewazoea tangu enzi za jukwaa la San Marco kule Ngomeni, lililorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967, wana njia nyingine. Humkataza mtu mmoja kwa kitenzi-jina, non parlare, kana kwamba tungesema "si kusema".

Simlaumu mtu kwa sarufi ya kwao. Lakini baba yangu alitunza bustani ya mwenye nyumba mmoja wa kigeni kwa miaka mingi, na makatazo aliyopewa yalikuwa ya aina moja: "hapana kata", "hapana fungua". Huo ni mtindo wa Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa enzi za ukoloni. Unaeleweka, bila shaka. Kinachokosekana ni ile u. Ndani ya "hapana kata" hamna mtu anayeambiwa. Mna mti na panga basi. Baba hakuwahi kulalamika. Ila jioni, akimsimulia mama ya kazini, alikuwa akisema, "Ameniambia nisikate mwarobaini." Hakuna aliyemfundisha kusahihisha, wala sidhani alijua kwamba anasahihisha, ni sarufi yake iliyokataa kumwacha nje ya sentensi.

Msomaji wa tungo za kale atanipinga. Atasema kwamba katika lahaja za kaskazini u hiyo huanguka pasipo mtu kudharauliwa: "usifanye" huwa "sifanye", "usiambe" huwa "sambe", na maumbo ya namna hiyo yamo katika Utendi wa Mwana Kupona, ambao ni wosia wa mama kwa binti yake. Ni kweli. Lakini pale u imemezwa na wepesi wa ulimi tu, na kiishio -e kimebaki kuishuhudia. Kiondoe, uweke -i, upate "sifanyi": mtu amekwisha kugeuka, na anayezungumziwa sasa ni msemaji mwenyewe.